Aibu za Jicho la Kamera

Watu wengi hudhani ya kwamba kamera iliyo bora kwa kupigia nyota ni ile ionayo zaidi gizani. Wauzaji nao huitia nguvu dhana hiyo, kwani hapana tangazo la kamera za elimu ya falaki lisiloanza kwa kusifu wepesi wake wa kunasa mwanga hafifu. Mimi si fundi wa vyombo hivyo. Nilifundisha hesabu na fizikia kwa miaka mingi, basi. Lakini mwaka huu niliwekewa amana ya fedha za watu ili niwachagulie kamera, na mwenye kushika amana hana budi kuchunguza kabla ya kutoa. Katika kuchunguza kwangu nimeona kuwa yapasa mnunuzi aulize kwanza aibu za kamera, ndipo aulize uoni wake.

Sababu ya fedha zenyewe ni kupatwa kwa mwezi usiku wa tarehe 7 Septemba, 2025. Giza kamili lilianza saa 2.30 za usiku, likadumu dakika 82, na sisi wa Afrika ya Mashariki tulijaliwa kuliona lote. Hapa Morogoro mjini tulisali Sala ya Kupatwa, na tulipotoka msikitini vijana wakautazama mwezi ulivyokuwa mwekundu kama shaba ya zamani, wakaanza kuupiga picha kwa simu zao. Picha zikatoka zimejaa vitone vya rangi, vyekundu na vya buluu, hata kijana mmoja akashikilia kuwa hizo ni nyota zilizouzunguka mwezi. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye yu katika mwaka wa pili wa masomo ya sayansi, akamwambia azibe lenzi kwa kiganja kisha apige tena. Vitone vikarudi vile vile, mahali pale pale.

Tokea usiku ule vijana tisa wakapatana kununua kamera moja iliyo ya kazi hiyo, waitumie kwa zamu pamoja na darubini ndogo waliyokuwa nayo. Miezi minne walichanga kidogo kidogo, wengine wakipunguza fedha za chakula, na mmoja aliuza baiskeli yake. Zilipofika shilingi 2,150,000 waliniletea. “Mjomba,” akasema mpwa wangu, “zikikaa kwetu zitaliwa. Wewe shika, na wewe uchague.” Kwetu sisi Waluguru, wasomaji wajua, mjomba hana pa kukimbilia katika haja za wapwa wake.

Ndani ya kamera, mahali ambapo zamani ilikaa filamu, leo pana kibamba cha silikoni kiitwacho kihisi. Juu yake vimepangwa vijichumba viitwavyo pikseli, mamilioni kwa mamilioni, na upana wa kimoja katika kamera nyingi za falaki ni mikroni 2 hadi 5, ambapo mikroni ni sehemu moja katika elfu ya milimita. Chembe ya mwanga, yaani fotoni, ikiangukia kijichumba hung’oa elektroni moja, nayo hukaa humo kama punje ndani ya kibaba, mpaka muda wa picha uishe na kila kibaba kihesabiwe. Jicho la mwanadamu halina kibaba cha namna hiyo. Abdurrahman as-Sufi alipoandika mwaka 964, katika kitabu chake cha nyota, juu ya lile wingu dogo ambalo leo twalijua kuwa ni galaksi ya Andromeda, alitegemea macho yake matupu. Na hata angalikesha akilikazia macho usiku kucha, lisingalizidi kung’aa. Kihisi hukusanya dakika kwa dakika, na kilicho hafifu kikapata umbo.

Sahani za kioo zilizopakwa dawa, walizotumia wanafalaki tangu karne ya 19, zilinasa fotoni moja au mbili tu katika kila mia. Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs, Marekani, walibuni kihisi cha namna ya CCD, wakapewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 2009. Baadaye kikaja cha namna ya CMOS, ambacho ndicho kilichomo katika simu zetu, na ambacho sasa kimeichukua karibu kazi yote ya wapiga nyota wasio na vituo vikubwa. Vihisi vizuri vya siku hizi hunasa fotoni 80 katika mia, hata 90 na kuzidi, katika rangi vinazozipenda.

Hapa ndipo nilipoona kuwa sifa ya uoni imekaribia mwisho wake. Aliyenasa 80 akibadilisha kamera anase 90, ameongeza thumuni moja tu. Hapana kihisi kitakachonasa 200 katika 100. Ukitaka faida iliyo kubwa kuliko thumuni hiyo, ondoka mjini. Taa za Msamvu na za barabara kuu huangaza mavumbi na mvuke wa anga letu, na kihisi chepesi huukusanya mwanga huo kwa pupa ile ile kinayokusanyia nyota. Vijana wakifuata barabara ya Iringa mpaka wapite Mzumbe, kamera ya kawaida huwapa zaidi ya ile ambayo kamera ya thamani ingewapa juu ya paa la nyumba ya Kihonda.

Sasa tuje kwenye aibu, na kubwa yao kwetu sisi ni joto. Elektroni haingojei mwanga peke yake. Joto la kibamba nalo huing’oa, ikaanguka ndani ya kibaba, na msomaji wa hesabu hawezi kuitambua kuwa haikutoka mbinguni. Mafundi huuita huo mkondo wa giza, kwa sababu hutiririka hata lenzi ikizibwa kabisa. Kanuni yake ni kwamba kila joto lizidipo kwa kiasi cha nyuzi 6, mkondo huo huwa maradufu. Mji wetu uko chini ya milima ya Uluguru, kiasi cha mita 500 tu juu ya bahari. Usiku wa Januari hewa yetu haishuki sana chini ya nyuzi 22, na kamera ikifanya kazi hujitia joto yenyewe, kihisi kikafika 30 pasipo taabu. Mtu wa Ulaya aliyeijaribu kamera hiyo hiyo kihisi chake kikiwa katika nyuzi 0, akaandika kuwa ni safi kama theluji, hakusema uongo. Lakini baina yake na sisi pana nyuzi 30, yaani maradufu mara tano: 2, 4, 8, 16, 32. Uchafu alioupata yeye mmoja, sisi tutaupata thelathini na mbili. Nilipomaliza hesabu hiyo niliacha kabisa kusoma sifa zilizoandikwa na watu wa nchi za baridi, isipokuwa walipotaja nyuzi za joto.

Mtu atasema: kwa kuwa mkondo huo hutiririka hata lenzi ikizibwa, si tupige picha ya giza kwa muda ule ule na joto lile lile, kisha tuitoe katika picha ya nyota? Naam, ndivyo wafanyavyo wote, na hufaa sana. Walakini hutolewa kile kilicho sawa sawa tu, na elektroni za joto hazidondoki kwa saa, hudondoka kwa bahati. Kibaba kilichopata elektroni 400 za joto katika picha moja, katika nyingine kitapata 385, na katika nyingine 417, kwani kuyumba kwake ni kiasi cha kipeuo cha pili cha idadi yenyewe, na kipeuo cha 400 ni 20. Ukishazitoa zile 400, mayumbo ya 20 yanabaki. Na ikiwa wingu la mbali la nyota limekupa elektroni 15 katika muda huo, limekwisha kufunikwa. Dawa ni kupiga picha nyingi na kuzilinganisha, au kukipoza kihisi chenyewe.

Kamera za kupoza zipo, zenye kipoozeo cha umeme nyuma ya kihisi, na nyingi huweza kushusha joto nyuzi 30 au zaidi chini ya joto la hewa. Hizo ndizo zilizo bora, sibishi. Ila zinakula umeme wa betri usiku kucha, na katika hewa yenye unyevu kama yetu ya masika huweza kuota umande na barafu mbele ya kihisi, ikiwa vile vidonge vya kukausha unyevu vilivyomo ndani vimechoka.

Ziko na pikseli kali, zile ambazo zina kasoro ya kuzaliwa au zilizopigwa na miali itokayo angani, zikawaka daima kama nyota za uongo. Hata darubini ya Hubble inayozunguka juu ya dunia haikusalimika nazo; kila mwezi vihisi vyake hupashwa joto makusudi ili baadhi ya pikseli hizo zipone. Pikseli iwakayo daima haina madhara makubwa, kwa kuwa mahali pake pajulikana. Mbaya ni ile iwakayo picha hii, ikazimika ile, kisha ikawaka tena: hiyo haitoki kwa picha ya giza, na ndiyo imdanganyayo kijana akadhani amegundua nyota mpya.

Vihisi vingine hung’aa pembeni, kwa sababu vyombo vya umeme vilivyo ukingoni mwa kibamba hutoa joto au mwanga kidogo, na picha ndefu ikatoka na miali kwenye kona kama jua linalochomoza. IMX294 na IMX178 za Sony zajulikana kwa aibu hiyo, ilhali IMX533 na IMX571 zilizokuja baadaye karibu hazina. Nazitaja kwa namba kwa sababu kamera za makampuni mbalimbali huwa na kihisi kimoja ndani, na mwenye kuijua namba ya kihisi hadanganyiki kwa rangi ya ganda.

Lakini aibu niichukiayo kuliko zote ni ile iliyofichwa kwa kutakaswa. Katika miaka ya 2010 wapiga nyota walilalamikia sana baadhi ya kamera za kawaida, ambazo ndani yake zilitiwa hesabu ya kufuta kila kitone kikali kilicho peke yake kabla picha haijaandikwa. Kwa harusi na mandhari ni jambo jema. Kwa mpiga nyota ni msiba, maana nyota ndogo nayo ni kitone kikali kilicho peke yake! Picha zikawa safi, za kupendeza, na nyota zimeliwa. Kamera yenye vitone elfu nilivyoviona mwenyewe naitaka kuliko hiyo, kwa kuwa ile ya kwanza imenipa yote iliyopokea, na hii imenichagulia nilichostahili kuona.

La kichujio nitalipitia upesi. Kamera za kawaida zina kioo mbele ya kihisi kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa mawimbi ya nanomita 656, ambao ndio mwanga wa haidrojeni inayowaka katika mawingu ya nyota; kwa hiyo yafaa kununua iliyokwisha kubadilishwa kioo hicho. Na ya rangi au isiyo na rangi? Isiyo na rangi ni nyepesi zaidi, lakini huhitaji vichujio vyake na usiku mara tatu, na vijana wana mitihani.

Kazi ya kutenga punje ya kweli na ya uongo si ngeni katika pwani yetu. Tarehe 12 Desemba, 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyofanywa kwa ajili ya kutazama mbingu kwa miali ya eksirei, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru wake. Vipokezi vyake vilihesabu chembe moja moja, na ilibidi vipambanue miali ya nyota na chembe nyingine zilizojaa angani. Mkuu wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Basi mwezi wa Rajabu tulishuka Dar es Salaam, mimi na mpwa wangu na kijana mmoja katika wale tisa. Kwa mfanyabiashara mmoja, ambaye sitamtaja, tulikuta kamera ya kupoza iliyotumika, yenye kihisi chepesi mno, kwa shilingi 2,000,000. “Haina neno, mzee wangu,” akaniambia, “imetoka Ulaya nzima.” Binti akaomba ruhusa aijaribu. Akaiziba, akaiwasha kipoozeo, akangoja dakika 20, kisha akapiga picha mbili za giza, kila moja sekunde 300, akaitoa moja katika nyingine kwa kompyuta yake. Jaribio hili aweza kulifanya mtu yeyote, wala halihitaji nyota. Kilicho cha daima huondoka, kinachobaki ni kigeugeu. Palibaki mstari mzima uliowaka katika picha ya kwanza na usiwake katika ya pili, na mamia ya vitone vya namna hiyo. Na kipoozeo chenyewe kilishusha nyuzi 8 tu kikasimama.

Yule bwana alikasirika, akasema kuwa katika maisha yake hajapata kuona mteja anayepiga picha ya kifuniko. Sheria yetu wasomaji mwaijua: muuzaji yampasa abainishe aibu ya bidhaa aijuayo, na mnunuzi aliyefichwa ana hiari ya kurudisha. Huenda yeye mwenyewe hakuijua, nami sikumdhania ubaya. Lakini fedha hazikuwa zangu.

Alasiri tukaenda kwa mzee mmoja Upanga, mpenzi wa nyota, aliyekuwa akiuza kamera yake kwa kuwa macho yamemchosha. Haikuwa ya kupoza, ni kamera ya kawaida iliyobadilishwa kioo, na kihisi chake ni cha zamani kidogo, kisichofikia kile cha asubuhi kwa uoni. Pamoja na kamera alitupa karatasi aliyoiandika kwa mkono: nguzo moja ya pikseli imekufa, na namba yake, kona ya kulia hung’aa picha ikipita dakika nne, chembe mbili za vumbi zimegoma kutoka, joto likizidi nyuzi 26 usijisumbue. Binti akaijaribu vile vile, na kila kilichoandikwa kikaonekana, wala hapakuonekana kisichoandikwa. Bei 1,300,000. Nikamtazama mpwa wangu, akatikisa kichwa kukubali, nikalipa.

Kijana tuliyefuatana naye hakuridhika. “Mjomba,” akaniambia ndani ya basi, tulipokuwa tukipita Chalinze, “tumenunua jicho la mzee, tukaliacha la kijana.” Alisema kuwa kipoozeo huweza kubadilishwa, na kwamba kihisi kile kikipozwa vyema hata vigeugeu vyake vingepungua. Katika hilo alikuwa na haki, kwani baridi hupunguza nyingi za aibu hizo. Nilimjibu kwamba kipoozeo hicho kingeagizwa nje, kwa bei tusiyoijua, kwa fedha zisizokuwapo. Hakukubali. Alitaka sehemu yake, nami nikamrudishia katika baki yote aliyotoa, maana hakuna aliyemlazimisha kuingia. Yeye ndiye aliyeuza baiskeli, na jambo hilo bado linanikaa moyoni.

Najua kuna msomaji atakayeuliza habari ya hilali: je, kamera hizi zitatuonyesha mwezi mwandamo? Tarehe 8 Julai, 2013, Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mwezi mchana, saa ile ile ya kukutana kwake na jua, kwa miali ya jua isiyoonekana kwa macho, akapata uzi mwembamba mno ambao hapana jicho lingeuona. Kwa hiyo kuweza, kamera yaweza. Lakini hapo shida si giza, ni wingi wa mwanga. Na aibu inayotisha ni vumbi juu ya kihisi na mkunjo wa mwanga ndani ya lenzi, ambavyo mtu akiongeza giza na weupe wa picha kwa nguvu huweza kufanana na chochote autakacho moyo wake. Kama picha hiyo yatosha kufungia au kufungulia, hilo ni la masheikh. Mimi ningependa tu, kila picha ya hilali inayotumwa katika simu zetu, itumwe pamoja na ile ya asili ambayo haijaguswa.

Vijana wanane waliosalia wamekwisha kuitoa kamera mara nne. Wingu la Jabari, lile lililo katika upanga wake, hapa kwetu hupita karibu kabisa na utosi, mahali ambapo hewa ni nyepesi kuliko pengine pote, na picha 40 za dakika mbili mbili zimetoa mabawa yake yote mawili. Kusini ni shida zaidi, kwa kuwa Lupanga umesimama nyuma ya mji na aghalabu huvaa kilemba cha mawingu. Akarabu na Kausi wanazingojea Juni, masika yakiisha na usiku ukipoa.

Kwa sasa wanapiga picha za giza tu, za nyuzi 18, 22 na 26, ili joto lolote la usiku likute mwenziwe tayari. Za nyuzi 18 zilipatikana ndani ya jokofu la dada yangu, kamera imefungwa katika mfuko pamoja na vidonge vya kukausha, baina ya mtungi wa maji na bakuli la maharage. Mpwa wangu ameinakili karatasi ya mzee wa Upanga katika daftari, akaongeza pikseli nne ambazo zimeanza kuwaka tangu Rajabu, akaandika tarehe ya kila moja.